SOMO: Umbali na muda wa ndege kutoka Dar, kokotoa mwenyewe

Swali la "Dar hadi mahali fulani ni saa ngapi?" linarudi kila wiki. Someni hapa kwanza.

1. Tafuta latitudo na longitudo za uwanja wenyewe, si za mji. Julius Nyerere (DAR) ni 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Mwanza (MWZ) ni 2.44 kusini, 32.93 mashariki.

2. Toa, kisha zidisha kila tofauti kwa 111 (kilomita za digrii moja). Dar–Mwanza: 4.44 inakuwa kilomita 493, na 6.27 inakuwa 696. Zipige kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo: karibu 850. Njia hii inafaa ndani ya Tanzania kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa London usiitumie.

3. Kwa jeti, gawa kwa 800, ongeza nusu saa ya kuruka, kushuka na kutembea uwanjani. Mwanza: kama saa moja na nusu.

4. Saa za tiketi. Hapa ndipo watu wanaachwa, kwa hiyo soma taratibu. Tiketi huandika saa 24, za mahali ndege ilipo. 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Anayeisoma "saa saba" atafika mchana, ndege ilishaondoka. 19:40 ni saa moja na dakika arobaini usiku. Hatari zaidi ni 00:40 ya tarehe 15: huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Ukienda jioni ya tarehe 15 umechelewa karibu siku nzima. Unapomwagiza dereva, mtajie saa ya Kiswahili pamoja na "usiku wa kuamkia".

5. Nje ya nchi, ondoa tofauti ya saa. Kuondoka Dar 16:30 na kufika Dubai 23:00 si saa sita na nusu. Dubai iko mbele saa moja, kwa hiyo ni tano na nusu.

MASWALI

— Mkuu, Dar–Mwanza ni zaidi ya 1,100. Umekosea.
Hizo ni za barabara. Ndege haipiti Dodoma wala Singida.

— Nipe ya Mbeya basi, niko bize.
Uwanja wa Songwe: 8.92 kusini, 33.27 mashariki. Hatua ya 2. Ukipata karibu 700, umepatia.

— Zanzibar nimepata zaidi ya nusu saa, mbona vindege vidogo hutumia kama dakika 20?
Swali zuri sana, dada. Ni kilomita 73 tu. Cessna Caravan hukimbia kama 300 kwa saa na haipandi juu sana, kwa hiyo nusu saa ile ya jeti haiihusu. Gawa kwa 300, ongeza dakika tano.

— Na London, mbona tofauti hubadilika?
Wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi chao tunawazidi saa mbili, baridi tatu. Sisi hatusogezi.

— Pawabenki je?
Mkobani, kamwe si kwenye begi la chini. Ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni 100.

— Na wageni wangu waje na mifuko ya plastiki?
Ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 2019. Waiache kwao.