Somo: Kumtengeneza silikanti kwa plastiki za ufukweni (Tanga)

Habari wadau. Wengi mmeniuliza yule silikanti wa vifuniko, ile sanamu ya samaki wa kale wa kina kirefu, anatengenezwaje, basi leo namwaga yote. Nimemchagua silikanti kwa sababu hapa Tanga ndo samaki wetu, hifadhi ya bahari yenye jina lake ipo tangu 2009, alafu mwili wake ni bluu yenye mabaka meupe, yani vifuniko vya chupa za maji vinamtosha kabisa. Kwahiyo usipake rangi! Rangi inabanduka kwa jua na chumvi na vile vipande vinaishia baharini tena, sasa utakua umesafisha nini? Kwangu mimi sanaa ya hivi ina maana kama yenyewe haizalishi taka nyingine.

Hatua ya 1: kuokota. Nenda Raskazone au Sahare maji yakiwa yamekupwa, siku mbili tatu baada ya bamvua, maana maji makubwa yanazisukuma taka mpaka juu kwenye ule mstari wa majani ya bahari. Vaa glavu na viatu vigumu. Ukikuta sindano ya hospitali usiishike kwa mkono. Majani yakung'ute uyaache palepale, ndani mna kaa wadogo na chakula cha ndege.

Hatua ya 2: kuosha na kuchambua. Maji ya bomba na sabuni, anika kivulini. Utaona vifuniko ni vingi kuliko chupa, sababu ni kwamba plastiki ya kifuniko inaelea ila ya chupa ya maji inazama ikishaingia maji, jaribu kwenye ndoo utaona mwenyewe. Kila kifuniko kibonyeze kwa dole gumba. Kikikatika kama biskuti weka kando, jua lishakimaliza, ukikitumia kitakudondokea unga unga wa plastiki ndani ya miezi michache.

Hatua ya 3: umbo. Nondo nyembamba ya milimita 6, mpe fundi wa mageti akuchomelee. Silikanti mkubwa anakaribia mita 2, ila mita moja inatosha kuanzia. Usisahau mkia wake una sehemu tatu, na mapezi yana mashina manene ya nyama, hapo ndo watu wanapokosea wanatoa samaki changu. Juu yake funga wavu wa kuku.

Hatua ya 4: magamba. Hapa usiwe na haraka. Weka kifuniko juu ya ubao, toboa matundu mawili kwa msumari na nyundo. Uzi chukua kwenye nyavu mbovu ulizookota, zile za nailoni, zifumue, tumia shazia, ile sindano kubwa. Pitisha uzi tundu la kwanza toka nje, zungusha kwenye waya wa wavu, toka tundu la pili, funga fundo mara mbili ukaze mpaka kifuniko kisicheze. Anza mkiani uende kichwani, kila mstari ulalie kidogo ule wa nyuma yake, hapo fundo linafichika na samaki anakua na magamba kweli. Vyeupe vitawanye bila mpangilio. Mapezi kata kwenye ndala, jicho kifuniko cha dumu.

Hatua ya 5: mtundike penye kivuli, barazani au chini ya mwembe. Jua likimpiga kutwa hadumu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mdau wa Chumbageni: Kaka, si rahisi zaidi kuyeyusha plastiki kwenye jiko nikamwaga kwenye umbo?*
Hapana ndugu yangu. Plastiki ya ufukweni huijui yote ni ya aina gani, ukichanganya na kipande cha bomba la PVC ule moshi una asidi, unachoma mapafu. Wenzetu wa Lamu walitengeneza jahazi la Flipflopi la mita 9 kwa plastiki iliyoyeyushwa, likazinduliwa 2018 na 2019 likafika Zanzibar, ila wale walitumia mashine sio jiko la mkaa.

*Mama wa Makorora: Nyuzi za nyavu zinanishinda, nitumie bainding waya?*
Ndani ya nyumba sawa mama yangu. Nje karibu na bahari inaliwa na kutu haraka, alafu vifuniko vinaanza kudondoka kimoja kimoja.

*Mdau wa Muheza: Na kamba ya katani? Tanga ndo kwao.*
Ya kutundikia ndani safi sana, inapendeza. Mvua itaiozesha, kwahiyo nje ya nyumba usiiamini na samaki mzito.

*Mwalimu wa darasa la tano: Watoto wataweza?*
Wataweza mwalimu, ila kutoboa fanya wewe, wao washone. Wape samaki mdogo bapa, kipande cha wavu tu bila nondo, na kingo za wavu uzikunje zisiwachane.

*Mdau wa Pangani: Nimekuta nyavu imejizungusha kwenye mikoko, nivute?*
Usivute bro, utang'oa miche. Kata kwa kisu kipande kipande ukianzia pembeni, ilonasa sana kwenye mizizi subiri maji yakupwe vizuri ndo uifuate.