Hela za klabu ya jogingi: namna ya kuzitumia bila kununiana

Kama upo kwenye klabu ya jogingi hapa Dar, iwe Temeke, Mbagala, Kinondoni au wapi, unajua mbio zenyewe hazigombanishi mtu. Watu wanakimbia asubuhi wanaimba, wanarudi wanapiga supu na chapati freshi kabisa, halafu jumatatu mtu mmoja anauliza kwenye grupu "hivi ile hela ya fulana ilibaki shingapi" na hapo ndo moto unawaka mpaka saa sita usiku.

Mimi naona upigaji siyo tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, wapigaji wapo ndio ila wachache. Shida ni kwamba hela inakusanywa haijapewa kazi. Watu 40 wakitoa elfu 5 kila mwezi hiyo ni laki 2, kwa mwaka milioni 2 na laki 4, na kila mmoja kichwani keshaipangia, huyu anawaza bonanza, yule trakisuti, mwingine kakaa kimya anasubiri apate msiba aone klabu itamfanyia nini.

Kwa hiyo kabla hamjaanza kuchanga kaeni ana kwa ana muigawe. Mfano kwenye ile elfu 5, elfu 2 ya shughuli (maji, spika, gari la kwenda kutembelea klabu nyingine), elfu 2 ya shida na raha, buku linalobaki akiba. Viwango mtapanga wenyewe, ila mfuko wa shida na raha msiuchanganye hata siku moja na hela za michezo. Msiba hauna ratiba, ukitokea wiki ya bonanza mwenyekiti atachomoa hela ya jezi ampe mfiwa, na nani atamlaumu? Wiki inayofuata jezi hakuna, lawama zinaanza. Na andikeni kabisa nani anahesabika: mzazi, mwenza, mtoto, basi. Siku mmoja akipewa laki kwa ajili ya mama mkwe halafu mwingine akaambulia "pole sana kamanda" kwenye grupu, hamtoboi.

Wekeni na mipaka ya nani anaidhinisha nini. Tuseme mpaka elfu 30 mwenyekiti na mweka hazina wanamalizana, mpaka laki 2 ni kamati, ikizidi hapo kikao cha wote. Risiti inapigwa picha inatumwa siku hiyo hiyo, asiyetuma hapewi hela nyingine.

Sasa fulana, hizi zina ugomvi wake peke yake. Karibu kila klabu ina mwanachama anayeprinti au mwenye shemeji Kariakoo, na akipewa tenda tu minong'ono inaanza kwamba kaweka cha juu. Kumpa kazi mwenzenu siyo dhambi, ila aseme mapema kwamba hiyo ni biashara yake, asikae kwenye kikao cha kuamua, na mtu mwingine kabisa akalete bei mbili za pembeni, kitambaa kile kile na idadi ile ile, maana bei ya fulana 20 na ya fulana 60 haiwezi kuwa moja. Ombeni sampo muifue kwanza muone nembo kama haibanduki. Nusu ya hela inaenda mwanzo, nusu mzigo ukishafika na kuhesabiwa. Na anaagiziwa aliyelipa tu, ile "niwekee ya kwangu nitatoa mwisho wa mwezi" ndo inayoiachia klabu madeni, mkatalieni hata kama ni mwenyekiti.

Hela isikae kwenye laini ya mtu. Hata mweka hazina awe ustaadhi namna gani, hela ya klabu na hela ya luku ya nyumbani kwake zikikaa pamoja zitachanganyika tu. Ipo M-Koba, huduma ya Vodacom ya kutunza hela kwa simu ambayo imetengenezwa kwa ajili ya vikundi, au fungueni akaunti ya kikundi benki yenye wasaini zaidi ya mmoja. Benki watataka katiba na muhtasari wa kikao, na katiba mtaihitaji tu hata mkienda kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo pale Baraza la Michezo la Taifa (BMT), kwa hiyo iandikeni na sehemu ya fedha msiipitie juu juu.

Kama mmeshachelewa na watu washaanza kutupiana maneno, admini afunge grupu kwanza. Halafu mjue mnagombania nini. Kuna "hela haionekani" na kuna "hela imetumika kwa kitu nisichokitaka", watu wanazichanganya hizi mbili. Ya kwanza inaisha kwa statimenti na risiti, chagueni watu watatu wasio viongozi wakague walete majibu kwenye kikao. Ya pili hata ukileta risiti gunia zima haitaisha, hapo mnatakiwa kupiga kura tu, na aliyeshindwa akubali mpaka kikao kijacho.

Akitokea wa kusema "basi nirudishieni changu naondoka", jibu liwe kwenye katiba tayari: ya shughuli na ya shida na raha hairudi, akiba anapewa yake ikishakatwa madeni, na fulana aende nayo.