Wataka kazi ya kudizaini gemu na wewe uko Mombasa? Soma hii kwanza

Niseme mapema ili tusidanganyane, ukikaa ungoje tangazo la kazi ya dizaina wa gemu hapa Mombasa utangoja mpaka uote mvi. Studio za gemu za Kenya nyingi ziko Nairobi, na hata hizo ni ndogo, watu wachache, hawaajiri kila mwezi. Kwa hivyo kazi yenyewe utaifanya hapa hapa kwenu Kisauni au Mtwapa lakini mwajiri yuko Nairobi au Lagos au Cape Town au Istanbul, na yeye hakujui, hajui umesoma wapi wala hana haja ya kujua. Anachotaka kuona ni kimoja tu: ndani ya gemu yako uliamua nini na kwa nini uliamua hivyo. Hayo mengine yote ntakayosema yazunguka hapo hapo.

Na dizaina wa gemu si mchoraji, tafadhali. Kama wewe ni hodari wa Photoshop na mabango ya harusi, hongera, hiyo ni kazi nyengine na studio zina watu wake. Dizaina pia si mtu wa mawazo. Kila kijana kwenye kibanda cha pleisteshen ana wazo la gemu kali, wengine wana matatu, na hakuna anayelipwa kwa hilo.

Kazi zenyewe ziko hivi. Kuna dizaina wa levo, yaani hatua za gemu, huyu ndiye apangaye mchezaji apite wapi, akutane na nini, achoke saa ngapi na apumzike saa ngapi. Kuna wa mifumo na uchumi, maisha yake yote ni Google Sheets: upanga huu uue kwa mapigo mangapi, sarafu ngapi ziingie na ngapi zitoke kwa siku, mtu akifika levo ya 30 awe na nini mkononi. Kuna wa hadithi, kuna wa vitufe na skrini. Studio ndogo mtu mmoja huyafanya yote. Mimi nionavyo anayeanza kutoka huku kwetu aelekee levo, au uchumi kama hesabu zaingia kichwani, maana kazi zake mtu azipima kwa macho kwa dakika mbili. Za hadithi kila mtu azitaka na nafasi zenyewe za kutafuta kwa tochi.

Anza na bao, sifanyi utani

Wengi wakisikia potfolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako wa kumwonyesha mwajiri, hukimbilia laptopu. Wewe nenda kwanza pale wazee wanapocheza bao, Mji wa Kale jioni hawakosekani, kaa utazame tu, usiulize kitu. Kisha rudi nyumbani uandike kurasa mbili ukieleza kwa nini mchezo huu watu hawauchoki.

Tazama. Mashimo 32, kete 64, kila mtu 32 zake. Lakini bao la Kiswahili kete haziwekwi zote ubaoni mwanzo, kila mmoja aweka 6 kwenye nyumba, shimo lake moja maalumu, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, zile 22 zabaki mkononi aziingize moja moja kila zamu, ndiyo namua hiyo, na za mkononi zikisha ndipo mtaji waanza, awamu ya pili ya kucheza zilizo ubaoni tu. Sasa jiulize kidizaina: kwa nini 22 zizuiwe? Ubao ukianza karibu mtupu mtu ana mambo machache ya kuwaza, halafu kila zamu yaongezeka kete moja tu, kwa hivyo ugumu wapanda pole pole na wewe wapanda nao bila kujua. Kuna watu wasoma chuoni miaka mitatu kujua kufanya hivyo. Kisha ile nyumba yenyewe: umekula, wapanda kete, ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, una hiari ulale, yaani zamu yako iishie hapo, au uisafirishe, uzizoe zote uzimwage mbele. Ukilala yazidi kunona na mwenzio aitolea macho, ukiisafirisha ushaitumia, hairudi tena. Hakuna anayekulazimisha, na hapo ndipo penye utamu wenyewe, kwa sababu ukishindwa wajua ni wewe uliyeamua.

Halafu badilisha kitu kimoja uone. Panga kete mbili mbili kila shimo, zote ubaoni toka mwanzo, vile watoto wanavyofunzwa, hamna namua hamna nyumba. Cheza na binamu yako michezo kadhaa ya namna zote mbili, pima dakika, andika ni zamu ya ngapi mtu ajua kashashindwa lakini bado acheza tu kwa adabu. Hiyo namba ya mwisho ndiyo muhimu, dizaina yeyote atakayeisoma ataelewa watafuta nini. Tia kwenye jedwali, tia mchoro wa ubao, andika kama kete mbili mbili ni nzuri kwa mtu anayejifunza na kwa nini haimtoshi mkubwa. Kazi ya kwanza ya potfolio hiyo, haikugharimu hata bando, na kati ya wote waliotuma maombi pamoja nawe sidhani kama yuko mwengine mwenye kitu hicho.

Kisha gemu yenyewe, na iwe ndogo

Laptopu yako ya mtumba yatosha. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure kabisa, haikudai chochote hata ukiuza, na faili lake halifiki giga moja. Unity nayo ndiyo inayotajwa sana kwenye kazi za gemu za simu kwa hivyo ijue pia, ingawa watu bado wana kinyongo nayo toka Septemba 2023 walipotangaza kutoza pesa kila gemu inapowekwa kwenye kifaa cha mchezaji, wakaja kufuta mpango huo Septemba 2024 baada ya kelele za dunia nzima. Programu hazishindani, dizaina mzuri huajiriwa kwa yoyote.

Usitengeneze ulimwengu mzima. Chukua feri ya Likoni, skrini moja. Mchezaji apange vyombo viingie kwenye feri kabla haijang'oa nanga: tuktuk yachukua mraba mmoja, lori minne, mkokoteni miwili na hauwezi kupinda. Levo ya kwanza tuktuk tu, mtu ajue kuburuta. Ya pili lori laingia. Ya tatu mkokoteni. Ya nne hakuna kitu kipya, wamwachia atumie alichojifunza. Ya tano ambulensi iko mwisho wa foleni na lazima iwe ya kwanza kutoka upande wa pili, hapo ndipo akili yachemka. Umeona? Kila levo yafunza kitu kimoja, halafu yampa nafasi akitumie, halafu yamgeuzia kibao. Levo tano zilizokamilika ni bora kuliko hamsini za nusu nusu, na hili nshaona likiwaangusha vijana wengi wenye vipaji kuliko mimi.

Ikishachezeka ipeleke kibanda cha pleisteshen, Kongowea au popote, mnunulie kijana soda umpe simu acheze. Na ukishampa usiseme neno, hapa ndipo wengi washindwa, mdomo wawasha, "bonyeza pale, la si pale", nyamaza! Mtazame vidole. Akigusa lori mara tatu halisogei, si mjinga yeye, ni wewe hukumwonyesha kuwa laburutwa upande mmoja tu. Akisema "sasa hapa nfanyeje" andika levo na dakika. Akiweka simu chini akaangalia mechi ya jirani andika pia, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Rekebisha, rudi kesho na kijana mwengine asiyeiona bado.

Iweke itch.io, tovuti ya watu kuweka gemu zao, bure, na ichezeke ndani ya brauza, maana bosi wa studio hatapakua faili la mtu asiyemjua. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu na Google Play ni dola 25 mara moja tu, hizo ziache mpaka uwe na cha kuuza. Chini ya gemu andika ukurasa mmoja: skrinshoti ya levo ya tatu ilivyokuwa, skrinshoti ilivyo sasa, na sentensi chache za nini uliona kibandani na ukabadilisha nini. Ukurasa huo ndio unaoajiri. Gemu yenyewe wengi hawamalizi hata levo ya tatu, ukweli usemwe.

Kama kuandika programu kwakushinda tafuta mwenzio, usife na tai shingoni. Mombasa watu wapo, pita Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa pale karibu na Fort Jesus, au waulize wanafunzi wa kompyuta wa TUM, chuo kikuu cha ufundi huko Tudor, programa wengi wana hamu ya kitu tofauti na tovuti za mahoteli. Na kuna jam, mashindano ya kutengeneza gemu kwa siku mbili tatu. Global Game Jam yafanyika kila mwaka mwezi wa Januari toka 2009, Ludum Dare iko toka 2002, na itch.io haikosi jam wiki yoyote. Huko utajifunza kukata. Saa zaenda, stima imepotea, mwenzio kalala, wabaki na swali moja tu, kipi nikitoe gemu ibaki nzima. Maliyo Games, studio ya Lagos, nao huendesha mafunzo ya GameUp Africa kwa mtandao, hayo ni ya vijana wa Afrika kwa hivyo yafuatilie.

Kutafuta sasa

Hali si nzuri, nisikufiche. Januari 2024 peke yake Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu na Unity 1,800, kwa hivyo kuna watu wenye miaka kumi kazini wagombania nafasi hizo hizo. Makampuni makubwa yenye majina mimi singepoteza usiku wangu nayo kwa sasa. Tazama studio za gemu za simu, zile za kulinganisha peremende na matunda, gemu hizo hazishi, kila wiki zataka levo mpya na lazima kuwe na mtu wa kuzipanga. Istanbul imejaa studio hizo, na saa yao ni ile ile yetu mwaka mzima, mukianza kikao saa nne asubuhi kwenu ni saa nne kwao. Helsinki na Espoo jirani yake, kwao kina Supercell wa Clash of Clans na Rovio wa Angry Birds, tofauti ni saa moja baridi na hamna tofauti kiangazi. Hilo liandike kwenye barua yako, mwajiri hulijali kuliko unavyodhani, mtu wa Los Angeles hawezi kusema hivyo.

Nafasi zatangazwa kwenye LinkedIn na tovuti za kazi za gemu kama Hitmarker na Work With Indies, lakini pia ingia tovuti ya studio yenyewe, zengine huweka kule tu. Na usidharau kazi ya testa, ya kutafuta bagi, yaani hitilafu ndani ya gemu. Mshahara mdogo, lakini uko ndani, wasoma nyaraka zao, wajua levo zapangwaje, na siku nafasi ya dizaina ikitoka wewe washakujua jina.

Barua iwe fupi. Usianze na "napenda gemu toka utotoni", kila mtu asema hivyo mpaka imechusha. Cheza gemu yao siku mbili tatu kwanza, kisha andika kwa Kiingereza chepesi kitu cha namna hii: nimecheza mpaka levo ya 60, naona kati ya 41 na 44 kila levo yaleta kizuizi kipya na mtu hapati nafasi ya kupumua, mimi ningefanya hivi, linki ya kazi zangu hii hapa, naishi Mombasa na saa zetu zalingana. Basi. Lakini kwa adabu, kumbuka aliyeipanga levo hiyo huenda ndiye asomaye.

Wakikupenda watakupa testi ya kufanyia nyumbani. Levo mbili tatu au ukurasa wa maelezo, sawa. Wakitaka levo ishirini bure ulizia malipo, wakikasirika hiyo si kazi. Na yeyote anayekuomba ada ya usajili au ya "kukushikia nafasi" kwa M-Pesa, huyo ni mwizi, usimjibu hata salamu. Siku ya intavyuu uwe na bando kwenye simu na chaji imejaa, stima zetu wazijua. Swali moja hupenda kuulizwa: taja gemu usiyoipenda, kisha sema yafanya nini vizuri. Jitayarishe nalo, na wakikuuliza "kwa nini" usiogope kusema nilijaribu namna mbili nikaona hii watu wameelewa haraka, wanataka kusikia ulifikaje hapo.

Ukipata, mara nyingi utakuwa wa mkataba, si mwajiriwa. Pesa zaja kwa Payoneer, huduma ya kulipana kwa mtandao, au benki, na SHA ya bima ya afya, NSSF ya akiba ya uzeeni na KRA ya kodi ni juu yako mwenyewe, ritani ya kodi mwisho tarehe 30 Juni kila mwaka, kwa hivyo usizile zote. Mkataba usome wote hata ukiwa mrefu, hasa kile kifungu kinachosema kila utakachobuni ni mali yao. Waambie waandike kuwa gemu ulizotengeneza kabla hujaingia, na zile utakazotengeneza usiku kwa laptopu yako, ni zako. Studio nyingi hukubali ukiomba mapema, ila waombe kabla hujatia sahihi, ukishatia ni taabu.