Kutofautisha aina mbili za Poa alpina

Poa alpina ni nyasi ya milimani yenye aina mbili: ya mbegu, na ya vivipara, yaani inayozaa miche juu ya suke. Kwanza hakikisha ni Poa alpina kweli. Vuta kichaka kidogo: shina lina kitako kinene kilichozungukwa na maganda ya majani ya zamani. Jani ni bapa, upana wa milimita 2 hadi 5, na ncha yake butu imejikunja kama mtumbwi. Jani likiwa jembamba kama sindano, umeshika nyasi nyingine, Festuca vivipara. Hapa ndipo wengi hukosea, maana nayo huzaa miche juu ya suke.

Sasa tazama suke kwa lenzi ya kukuza mara 10. Aina ya mbegu ina maua ya kawaida yenye chavua. Aina ya vivipara, badala ya mbegu, huchipuza miche yenye majani ya kijani, na uzito wake huliinamisha shina. Usiamue mapema suke likiwa changa, wala mwishoni mwa msimu miche ikishadondoka.

Mahali husaidia, lakini hapaamui. Milima ya Alps ina aina zote mbili. Scotland, vivipara ndiyo ya kawaida. Bila suke, andika jina la spishi tu, yaani Poa alpina, bila kutaja aina.