Somo: Kidonda kimepona, mbona neva bado inauma?

Swali hili linarudi humu kila mara, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Fuateni mpangilio, msiruke.

1. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inakatwa au kubanwa.

2. Seli za Schwann, seli saidizi zinazoizunguka, zinatoa CCL2, protini ya kuita seli za kinga. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, zinatoka kwenye damu kuja kusafisha mabaki.

3. Makrofaji hizo hizo zinamwaga TNF, IL-1 beta na IL-6, protini za kinga zinazochochea uvimbe. Neva inakuwa nyepesi kusisimka, hata bila kuguswa.

4. Hapa nendeni taratibu. Neva iliyoumia hutoa protini ya ishara, CSF1, ndani ya uti wa mgongo, na mikroglia, seli za kinga zinazoishi humo, zinaamka. Zinaongeza vipokezi vya P2X4, kisha zinatoa protini nyingine ya ishara, BDNF. BDNF inapunguza KCC2, pampu inayotoa kloraidi nje, kwenye seli zinazopokea ishara za maumivu. Kloraidi inarundikana ndani, na GABA, kemikali ya neva ambayo kazi yake ni kutuliza, inakosa nguvu; pengine inasisimua kabisa. Ndipo shuka ikipita tu juu ya ngozi, mtu anaruka kwa maumivu.

ONYO: usiseme "ni mikroglia" ukaishia hapo. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuzizuia kulipunguza maumivu kwa panya dume, si kwa jike. Kwa jike, dalili zilielekea kwenye seli T, aina nyingine ya seli za kinga.

5. IL-10, protini ya kinga inayotuliza uvimbe, hupoza moto huu.

MASWALI

Jongoo: Kwa hiyo ninywe ibuprofeni?

Jibu: Rudia hatua ya 4. Ibuprofeni huzuia prostaglandini, kemikali za uvimbe na maumivu; ya kloraidi haiyagusi. Madaktari huanza na amitriptilini, duloksetini, gabapentini au pregabalini.

Jongoo: Sasa ipi? Ungetaja moja tu.

Jibu: Hiyo ataichagua daktari wako.

Chiriku: Samahani mkuu, tukiziondoa makrofaji zote je?

Jibu: Swali zuri sana. Neva itashindwa kuota vizuri, maana mabaki ya mayelini, ala ya mafuta inayofunika neva, huzuia ukuaji, na wasafishaji wakuu hawapo. Isitoshe, baadhi ya makrofaji ndizo zinazotoa IL-10. Cha kutafuta ni kuzigeuza tabia, si kuziua.

Chiriku: Na NGF inaingia wapi?

Jibu: Hatua ya 3. NGF ni protini inayochochea ukuaji wa neva, nayo huongeza usikivu wake. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipata Nobel mwaka 1986 kwa ugunduzi wa vichocheo vya ukuaji, NGF ikiwemo. Kingamwili ya kuizuia, tanezumabi, ilipunguza maumivu ya viungo, lakini baadhi ya wagonjwa viungo vyao viliharibika haraka, na mwaka 2021 mradi wa dawa hiyo ukasitishwa.