SOMO: Kufuatilia jina la mbayuwayu katika lugha zilizotokana na Kilatini

Swali la "golondrina ya Kihispania na hirondelle ya Kifaransa yanawezaje kuwa neno moja?" linarudi kila mara. Jibu ni hili; atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1: Chukua jina la Kilatini, hirundo.

Hatua ya 2: Liweke katika umbo la yambwa, yaani umbo la kinachotendewa: hirundinem. Nomino nyingi zimerithiwa kutoka umbo hilo.

Hatua ya 3: Ondoa h ya mwanzo na m ya mwisho. Warumi wenyewe waliacha kuzitamka. Mkazo uko kwenye -run-.

Hatua ya 4: Hapa ndipo wengi huharibu. Usilinganishe sura za maneno. Fuata sauti mojamoja. Kiitaliano kiliangusha i ya mwanzo na u ikawa o: rondine. Kihispania kilimeza i ya katikati, na n iliyofuata ikageuka r, kama sanguinem ilivyozaa sangre. Ili r mbili zisikae neno moja, ya kwanza ikawa l: golondre, kisha kwa kiambishi cha udogo, golondrina. Ile g ya mwanzo haina kanuni, usiitungie. Kireno kiliirusha r ikavuka nd na kukaa baada yake: andorinha. Onyo: neno hili linafanana na andar, "kutembea". Mfanano wa namna hiyo unaweza kupinda matamshi ya neno lililokwishakuwepo, lakini haulizai.

Hatua ya 5: Hakiki kila badiliko kwa neno jingine lenye sauti zilezile.

Swali: Kwa hiyo andorinha ni ndege wa Andorra?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4.

Swali: Mkuu, nimesoma yote, ila -elle ya Kifaransa siioni kwenye hirundinem.

Jibu: Umeangalia vizuri. Kifaransa cha kale kilisema aronde. Hiyo -elle ni kiambishi cha udogo, ndugu wa kile kilichogeuza avis, "ndege", kuwa avicellus, yakatoka oiseau ya Kifaransa na uccello ya Kiitaliano. Aronde bado liko kwa maseremala wa Ufaransa: kiungo cha mbao chenye ulimi unaopanuka kuelekea ncha wanakiita queue d'aronde, mkia wa mbayuwayu.

Swali: Mimi seremala. Waitaliano je?

Jibu: Coda di rondine, maana ileile.

Swali: Nipe na bata mzinga, haraka.

Jibu: Njia hii haimfai. Ametoka Amerika, Warumi hawakumjua. Dinde ya Kifaransa ni d'Inde, "wa India". Peru ya Kireno ni jina la nchi. Kwake fuatilia njia za meli na biashara.