Kimea cha mtama: joto lisikiharibu

Uji wa pombe ukikataa kuwa mtamu, watu hulaumu hamira. Mara nyingi kosa ni la kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, na kinachoua kimea ni joto.

Tafuta kilo 5 za mtama wa kula katika soko la Tabora. Mbegu ya duka la pembejeo iliyopakwa dawa ni sumu, usiiguse kwa kazi hii. Otesha kwanza punje 100 kwenye kitambaa kibichi siku 3. Zikiota chini ya 90, achana na mtama huo, maana punje isiyoota huota ukungu na kuharibu za jirani.

Osha, ondoa zinazoelea, loweka saa 18 hadi 24, ukibadilisha maji kila saa 6. Chuja, tandaza kwenye gunia safi kwa unene usiozidi vidole vitatu, funika kwa gunia bichi. Geuza na kunyunyizia maji asubuhi na jioni. Kila unapogeuza, zamisha mkono katikati: ukikuta joto kama la mwili wako, tandaza zaidi hapo hapo. Lundo lililochemka hunuka siki na punje huteleza. Hilo ni la kutupa. Siku 4 zinatosha, ila Juni na Julai, usiku wa Tabora unapokuwa na baridi, ongeza moja.

Anika juani juu ya jamvi siku 2 au 3, uanue jioni. Usikaange ili kuharakisha. Kikikauka, fikicha kwa viganja na upepete kwa ungo mpaka mizizi na chipukizi vitoke vyote, kwa sababu chipukizi la mtama lina kemikali inayozaa sianidi, ambayo ni sumu. Hatua hii hairukwi.

Saga. Pika uji mzito wa mahindi, uchemke vizuri, kisha upoe hadi nyuzi 60 au 65 za Selsiasi ndipo utie kimea, kikombe 1 kwa kila vikombe 4 vya unga uliopika. (Wiski ya nafaka ya Uskoti nayo huanza hivyo: mahindi au ngano hupikwa, kimea cha shayiri hugeuza wanga kuwa sukari.) Koroga. Mwiko uliokuwa umesimama wima utaanza kulala ndani ya dakika 20, na uji utaonja utamu.

Ukibaki mzito, huenda ulitia kimea ukiwa bado wa moto mno, vimeng'enya (vitu vilivyo ndani ya kimea vinavyogeuza wanga kuwa sukari) vikafa. Usiumwage: pima joto tena, ongeza nusu kikombe cha kimea kipya, funika.